Siku Niliyokunywa Chai Nje ya Mahakama

Jumanne ya tarehe 16 Mei 2023, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa Mbarara, nimeketi kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na lango la mahakama. Kesi yangu ilikuwa saa tatu. Nilikuwa nimetoka Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, gizani, nimepanda gari la kwanza kutoka kitongoji cha Base Camp, nimekula vumbi hadi Kabingo ndipo tukaikuta lami. Shati nililovaa mke wangu alilipiga pasi usiku, pasi ya makaa. Nauli nilikopa. Kilichobaki kilikuwa kuvuka barabara tu.

Sikuvuka.

Nilimwona mdai wangu akishuka kwenye boda boda, amevaa gomesi ya kijani, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Nilimwona wakili wangu, binti wa msaada wa kisheria ambaye hakunitoza hata shilingi moja, akitoka langoni mara tatu kutazama barabara huku na huku, simu sikioni. Simu hiyo ilikuwa ikiita mfukoni mwangu. Mara ya tatu niliizima, nikaagiza kikombe kingine. Chini ya kiti changu kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, na ndani ya mfuko daftari la Picfare la kurasa mia mbili. Daftari hilo ndilo lililonikalisha pale.

Walitoka saa saba. Ombi langu la kutangazwa muflisi lilikuwa limetupwa. Hakimu aliuliza mwombaji yuko wapi, karani akaita jina langu nje mara tatu, na sauti yake niliisikia. Mara zote tatu niliisikia.

Kashojwa wanaijua habari hii kwa namna nyingine. Wanajua kwamba nilikwenda Mbarara kusema sina kitu, mfanyabiashara mwenye pesa akapinga, nami kwa kuwa ni mkimbizi sikusikilizwa, nikafungwa. Maneno hayo sikuyatunga mimi. Nilipotoka gerezani watu waliniuliza, "Walikuonea, Papa?" Nikanyamaza, nikatazama chini, wakajaza wenyewe yaliyobaki. Kunyamaza kule kulikuwa uongo, na nimeuacha uongo huo utembee kijijini, upike chai kwenye nyumba za watu, ulale na watoto wao. Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu aliletewa hati ya wito kwa deni la vipuri. Aliichana mbele yangu. "Mimi siendi, Papa. Yaliyokupata wewe yananitosha."

Kwa hiyo nayasema sasa yalivyokuwa.

Niliingia Uganda kutoka Kongo mwaka 2008 kupitia mpaka wa Bunagana, na Nakivale nilipewa kiwanja upande huu wa Kashojwa. Kambi hii ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Ilifunguliwa 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokuwa wakiikimbia nchi yao, na tangu hapo kila vita ya jirani imeiongezea kitongoji. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na wengi wetu tulifanya biashara. Nilianza na sabuni ya mche niliyoikata vipande. Kufikia 2014 nilikuwa na duka la bati, na mama mmoja Mnyankole mwenye duka la jumla Mbarara alikuwa ameanza kunipa mali kauli: unga, mafuta, sukari, maharage. Lori lake lilikuja kila baada ya wiki mbili, utingo akashusha magunia, nami nikampa pesa za mzigo uliopita. Miaka sita tulikwenda hivyo bila karatasi yoyote kati yetu ila risiti zake. Aliwahi kumtumia mke wangu blanketi la mtoto.

Nami niliuza kwa daftari. Yeyote aliyewahi kuuza duka Nakivale anajua kwamba bila daftari huuzi. Familia inachukua unga leo, inalipa siku pesa ya mgao ikitoka. Mgao ndio uliokuwa dhamana yangu: niliwahesabu watu wa nyumba, nikajua watapata kiasi gani, nikawapa mkopo usiozidi hapo. Ilikuwa hesabu nzuri mpaka Aprili 2020, Shirika la Chakula Duniani lilipopunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, huku barabara zimefungwa kwa korona. Februari 2021 ukapunguzwa tena, ukabaki asilimia 60. Watu walewale, njaa ileile, na daftari langu likawa linajaa majina huku sanduku la pesa likipwaya. Niliendelea kuwapa. Kwa hilo siombi radhi. Mama mwenye watoto watano akisimama mlangoni saa kumi na mbili jioni na sufuria tupu, mimi sikujua namna ya kumwambia arudi.

Lakini unga ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama wa Mbarara, na alipouliza pesa zake nilimwambia wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema mwezi ujao, mpaka utingo akaacha kuja. Deni lake peke yake lilifika shilingi milioni 19 na laki nne. Wadai wengine wawili wakaleta jumla karibu na milioni 28. Mama huyo alinishtaki 2021, akashinda, kwa sababu deni lilikuwa la kweli na mimi sikulikana.

Hapo ndipo wakili wangu aliponieleza njia ambayo sikuwahi kuisikia. Uganda ina Sheria ya Ufilisi ya 2011, iliyoanza kutumika Julai 2013. Mtu asiyeweza kulipa anaweza kwenda mwenyewe mahakamani kuomba atangazwe muflisi. Jambo lisilozidi shilingi milioni 50 linasikilizwa na hakimu mkuu. Likizidi ni Mahakama Kuu. Mwombaji anaandika taarifa ya kiapo: anachomiliki, wanaomdai, na watu anaowadai yeye. Kisha anasimama kuhojiwa hadharani, na kila mdai ana haki ya kumuuliza. Akitangazwa, mali yake inakwenda mikononi mwa msimamizi, anawagawia wadai kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Vifaa vya kazi yake, nguo na matandiko vinabaki. Hapo mdai mmoja hawezi tena kumvizia peke yake na kumfunga. Maana mdai aliyeshinda kesi anaweza kuomba mdaiwa awekwe gerezani kama mfungwa wa madai, hadi miezi sita, na ukitoka deni bado lipo.

Nilimsimulia mzee mmoja Msomali, jirani yetu wa Base Camp. Hakushangaa hata kidogo. Alisema neno lenyewe ni la Kiarabu kabla halijawa letu, na kwamba tangu zamani kadhi akimtangaza mtu muflisi humtangaza wazi, ili soko zima lijue na asiwepo wa kudanganyika tena naye. "Muflisi anahesabiwa mchana, kaka," aliniambia. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshatia sahihi taarifa yangu siku mbili kabla, na kwenye sehemu ya watu ninaowadai niliandika: hakuna.

Hakuna. Na daftari lilikuwa chini ya godoro langu, nyumba 143, shilingi milioni 11 na laki mbili na sitini elfu.

Nilijipa sababu. Nilijiambia deni la mkimbizi asiye na mgao si mali, ni karatasi. Nilijiambia nikilitaja daftari, msimamizi atawafuata wajane, na mimi nitakuwa nimewauza majirani zangu. Sababu hizi zina ukweli ndani yake, ndiyo maana ziliniweka kwa muda mrefu. Lakini mwenye nia ya kuwalinda angewataja na kusema hali zao, nyumba kwa nyumba. Mimi niliwaficha kwa sababu nilikuwa bado nakusanya. Kati ya siku niliyotia sahihi na siku niliyokunywa chai, nilipita jioni kwenye nyumba za wale waliokuwa na uwezo kidogo, wenye mbuzi, wenye mtoto anayefanya kazi Kampala, nikachukua shilingi 640,000. Laki tatu zilikwenda ada ya binti yangu. Zilizobaki sikuzipeleka kwa yeyote kati ya wadai wangu, na kwa kila nyumba nilisema, "Usimwambie mtu."

Siku ya kwanza ya kesi, mwezi Machi, nilifika. Niliketi kwenye benchi, nikaitwa, nikasimama. Mdai wangu alikuwa amepinga ombi langu kwa hati ya kiapo. Wakili wake alisema wanaamini mwombaji ameficha mali na wanaomba nafasi ya kumhoji. Mkalimani akanitafsiria kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, bila haraka, na hakimu akangoja amalize. Nataka hilo lieleweke kwa wanaosema hatusikilizwi. Nilipewa nakala ya kiapo chake, kurasa nne za Kiingereza. Sikuisoma kwa kuwa Kiingereza changu ni cha kununulia bidhaa, na sikumpa mtu anisomee kwa kuwa nilidhani najua kilichomo. Utingo alikuwa ameniona na daftari miaka yote. Nilijua nitaulizwa nini.

Tarehe ya kuhojiwa ikawa 18 Aprili. Siku hiyo nilimwambia mke wangu nina malaria. Nililala chini ya blanketi hadi saa sita, na wakili akaniombea ahirisho kwa maneno yangu, maneno ya uongo, akiyasema kwa sauti yake safi. Hili ndilo linaloniuma kuliko kiapo chenyewe. Kwenye kiapo nilidanganya peke yangu. Siku ile nilimdanganyisha mtu mwingine. Ikapangwa 16 Mei, na 16 Mei nimekwisha kuisimulia.

Kwa nini nilibeba daftari siku hiyo? Usiku nilikuwa nimeamua kulitoa. Njiani nzima nilikuwa nimeamua. Nilipoona lango nikaanza kuhesabu: nikilitoa, wataona kwamba kiapo cha kwanza kilikuwa cha uongo, wataona alama ndogo za wino mwekundu nilizoweka kwa waliokwisha kulipa, na tarehe zake, wataniuliza zile 640,000 ziko wapi. Nikasema ninywe chai kwanza.

Baada ya ombi kutupwa, mdai alirudi kwenye hukumu yake ya zamani. Nililetewa notisi ya kwenda kueleza kwa nini nisifungwe. Hata hapo mlango ulikuwa wazi: mdaiwa anayeweza kuonyesha kwamba kweli hana uwezo, anasikilizwa. Notisi niliikunja, nikaiweka chini ya godoro pamoja na daftari. Mwisho wa Agosti nilikamatwa sokoni, mchana, na gunia la mahindi begani.

Gerezani nilikaa siku 38. Wafungwa wa madai tulikuwa wachache. Mmoja alikuwa mwalimu, na siku moja, kwa kukosa cha kufanya, alizichukua karatasi zangu akaanza kunitafsiria. Alifika kwenye kile kiapo cha Machi ambacho sikuwahi kukisoma. Nilitegemea matusi. Mama yule alieleza kwamba mali aliyonipa aliinunua kwa mkopo wa benki, dhamana ikiwa kiwanja chake cha Ruti, na kwamba benki ilikuwa imekwisha kumpa taarifa. Alieleza kwamba anazijua shida za Nakivale, kwamba wateja wake wengine wa huko wameanguka vilevile. Kisha kulikuwa na fungu moja fupi ambalo mwalimu alilisoma mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie. Alisema hasemi kwamba mimi ni tajiri. Anachoomba ni mahakama iniamuru nilete daftari, ili ijulikane kilichopo na kisichopo, na kama hakuna kitu, basi yeye pia aipelekee benki karatasi inayoonyesha hivyo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinisubiri ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimejitayarishia adui moyoni, nikamkimbia adui huyo, na kumbe ndani kulikuwa na mwanamke mwenye mkoba, anadaiwa kama mimi, anahitaji jibu langu ili naye apate la kuwajibu wanaomdai. Kama ningevuka ningeadhibiwa, labda vikali, kwa kiapo cha uongo, silikatai hilo. Lakini angeondoka na ukweli mkononi. Aliondoka na amri ya kunifunga.

Na kunifunga kulikuwa kunamgharimu. Sheria inamtaka mdai alipe matunzo ya mfungwa wake. Alinilipia chakula siku 38, kisha akaomba niachiliwe. Watu wa Kashojwa wakasema ameona aibu. Mimi nilijua ameishiwa.

Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kwenda dukani kwake. Nilikwenda na daftari. Rafu nilizozijua zimejaa hadi darini zilikuwa na pengo kila mahali. Nilisimama, yeye akaendelea kupima sukari ya mteja mpaka akamaliza.

"Mama, nimeleta."

Alilifungua, akalipitisha kurasa kadhaa. "Kiwanja kiliuzwa Julai," alisema. Halafu, bila kunitazama: "Kila siku ya kesi nilifunga duka, muzee. Kila siku."

Sikuwa na la kusema na sikusema. Alivuta kiti. Tulikaa na daftari hilo siku ile na Jumatatu iliyofuata, jina kwa jina. Huyu amekufa. Hawa walipelekwa Marekani. Huyu ni mjane, haulizwi. Huyu ana mbuzi, atalipa polepole. Hizi alama nyekundu nilipokea mimi, na hizi hapa ni pesa nilizokula. Alipoliona hilo alifunga kalamu yake, akatoka nje, akakaa huko kitambo. Aliporudi tuliendelea. Yale mahojiano ambayo sheria iliyaweka mbele ya hakimu, kwa kiapo, kwa ulinzi wa pande zote mbili, tuliyafanya sisi wawili juu ya gunia la chumvi, baada ya kiwanja kuuzwa na mimi kufungwa, bila karatasi ambayo angeweza kuipeleka popote. Sasa ninampa shilingi 150,000 kila mwezi. Zile 640,000 nilizimaliza kwanza. Kwa mwendo huu nitakuwa mzee sana deni likiisha, na wadai wale wengine wawili wananisubiri nyuma yake.

Wakili wangu sijamwona tena. Nilimpigia kumwambia kuhusu malaria ile. Alinyamaza, akasema, "Asante kwa kuniambia, mzee," akakata. Alikuwa na haki ya kusema zaidi.

Kijana wa simu nilimwita Jumapili baada ya kanisa. Nilimsimulia kama nilivyosimulia hapa, na daftari nilimwekea magotini. Nilimwambia hakuna aliyenionea. Niliitwa mara tatu kwa jina langu nikiwa na kikombe mkononi. Hakunijibu kwa muda mrefu. Alikuwa akifunua kurasa, na akalikuta jina la mama yake, ukurasa wa 61, shilingi 84,000, na pembeni mstari nilioupiga Mbarara.

Mwishowe aliuliza kama karatasi aliyoichana inaweza kutolewa nyingine. Nikamwambia aende kwa karani aeleze ukweli, atapewa nakala. Akauliza kesi zinaanza saa ngapi. Saa tatu, nikasema, lakini ufike mapema uketi ndani, usikae nje. Akauliza gari.

"La kwanza linatoka Base Camp saa kumi na moja. Nitakugongea mlango saa kumi."

Ni Alhamisi hii. Shati langu mke wangu amekwisha kulifua.